Mkurugenzi wa Akili Zote

Makao makuu, ghorofa ya juu
Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu,

Dereva wa gari la sampuli amekubali kuiweka bahasha hii ndani ya sanduku la chupa tupu, kwa hiyo utaikuta ukilifungua. Simu yako hupokei, nami sitaki mambo yetu yapite kwenye kompyuta za kampuni. Nijibu kwa njia hiyo hiyo. Dereva si mtu wa maneno mengi.

Nimeanza kazi. Mlangoni wamebandika cheo changu, Mkurugenzi wa Ujumuishi, kwa herufi za dhahabu, na moja tayari imeanza kubanduka. Kuna zulia. Kuna kidude ukutani kinachopuliza harufu ya maua, pssi, pssi, na hakizimiki kwa sababu ufunguo wake uko kwa mtu ambaye hakuna anayemjua. Wewe unajua nimekoroga kinyesi cha mji mzima pale mtamboni miaka yote ile, nikanusa, nikapima, nikanawa mikono na kwenda kula bila wasiwasi. Huku juu wiki nzima chakula hakijapita kooni.

Walianza na semina ya viongozi. Tulikalishwa duara, tukafumbishwa macho, tukashikanishwa mikono. Mkono wa mkuu wa fedha una majimaji, na alikuwa akinikanda kidole gumba kama vile tumetoka mbali. Kisha kila mtu akatakiwa aseme yeye ni mnyama gani. Wote wakawa simba, isipokuwa mwanasheria aliyekuwa tai. Zamu yangu ilipofika nikasema mimi ni bakteria. Wakapiga makofi. Mkurugenzi Mtendaji, ambaye kuanzia leo namwita Bwana Tabasamu kwa kuwa uso wake haupumziki, akasema ucheshi kama huo ndio uliokuwa umekosekana. Sikuwa nachekesha mtu.

Najua bado unajiuliza kwa nini niliacha maabara. Mradi wanauita Akili Zote Zikaribishwe. Ni kwa ajili ya wenye usonji, wale ambao herufi huwarukia kwenye karatasi, wale wasioweza kutulia kitini. Wakasema wanataka mwanasayansi auongoze, si mpiga domo. Nikafikiri habari zako. Leo mkuu wenu wa maabara ni Mama Chupa, anakuachia ukae kwenye kona yako na maisha yanakwenda. Akistaafu aje mwingine mwenye kichwa kigumu, utafanya nini? Sitaki mtu yeyote aishi kwa hisani ya bosi. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza inasema hivi: hakuna mpangilio maalumu wa mfanyakazi yeyote utakaotolewa wala kunyimwa kwa matakwa ya mkuu wake, kila mmoja utapitia tathmini, ushahidi na sahihi. Maabara tulifundishwa tusiandike kitu ambacho hatujakipima, nami nimefuata hilo.

Ule vizuri, usiishi kwa mkate na chai.

Dada


Maabara ya maji taka
Jumatatu, 10 Machi

Dada,

Barua imefika. Ilikuwa inanukia maua, nikaianika dirishani kwanza. Siku nyingine andikia nje.

Pampu ya pili imekufa tena. Fundi mitambo alimtukana mama yake pampu. Mama Chupa akamwambia pampu haina mama, apeleke matusi kiwandani.

Sielewi kwa nini kona yangu iandikwe. Haijaharibika. Nakueleza ilivyo, kwa sababu wewe ulikuwa upande wa matangi na labda hukuiona vizuri. Nyuma ya kiti changu Mama Chupa aliweka kreti ya chupa tupu, katikati ya njia. Mtu akitaka kwenda kwenye kabati la joto anazungukia upande wa sinki. Fundi mitambo akiwa na toroli hunung'unika, lakini huzunguka. Hakuna aliyewahi kuuliza kreti inafanya nini pale. Ikijaa chupa, anayeiondoa huleta nyingine papo hapo. Ndivyo tunavyofanya kazi.

Mimi si hodari kuliko wenzangu. Si mbaya pia. Mtu akipita nyuma yangu ndiyo naharibu, basi.

Usiniweke kwenye hotuba.

Mdogo wako


Makao makuu
Jumatatu, 24 Machi

Mdogo wangu,

Hii nimeiandikia uani, karibu na mapipa ya taka. Hewa ni nzuri zaidi.

Sijakutaja popote na sitakutaja. Kanuni imepitishwa bila kubadilishwa nukta. Ningefurahi, ila nimeiona namna walivyoipitisha. Bwana Tabasamu hakuisoma. Aliupima uzito wake kwa mkono, akasema, "Imeshiba hii," akaweka sahihi. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, ungedhani anauliza bei, "Hawa watu wana vipaji gani hasa?" Nikamwambia wengine hawana kipaji chochote, kama mimi na yeye. Akacheka mpaka akanishika bega, na bega hilo nimekwenda kulisugua chooni.

Wameajiri mshauri wa matangazo. Ameleta mabango yenye kijana mzuri wa sura aliyeshika kichwa, na tarakimu zinamzunguka kama nzi. Chini yake pameandikwa: Je, wewe ni hazina iliyofichika? Nikasema mtu anayetaka tu taa ipunguzwe ahesabike wapi. Mshauri akasema taa haina mvuto. Aliongeza kwamba kila atakayepimwa apewe beji ya rangi ya machungwa aivae shingoni, wenzake wajue kumpenda. Nilipambana na beji hiyo kikao kizima. Nimefaulu kuifanya iwe ya hiari, na wakanitazama kama mtu aliyekataa zawadi ya mtoto.

Mwezi ujao mtathmini atafika kwenu. Ni maswali machache. Nenda ujibu, uandikwe, kona iwe yako hata Mama Chupa asipokuwepo. Nakuomba hili moja. Najua hupendi kuulizwaulizwa, lakini kero ya asubuhi moja itakukinga mpaka unastaafu.

Dada


Maabara ya maji taka
Ijumaa, 11 Aprili

Mkurugenzi,

Ni mimi, mkuu wa maabara, mnayeniita Mama Chupa na kudhani sijui. Nimemkabidhi dereva barua hii mkononi. Mdogo wako amenikataza nisikwambie lolote, na mimi sijawahi kukatazwa kitu na mtu niliyemfundisha kushika pipeti.

Hao watu wako walikuja na yule mtathmini. Walipoiona kreti wakauliza ni ya nini. Nikawaambia ni kreti. Wakauliza kama kuna karatasi inayoiruhusu. Nikasema kama mnataka karatasi ya kreti, basi na ya ndoo, ya ufagio na yangu mimi pia. Wakatoa kanuni yenye sahihi yako, wakanionyesha kwa kidole: hakuna mpangilio bila tathmini. Kreti ikaondolewa mbele ya macho yangu, na wafanyakazi wangu wakawa wanapita nyuma ya kijana wakimwomba radhi kila hatua, jambo lililokuwa baya zaidi.

Akaitwa kwenye maswali. Nilikuwepo, nilikataa kutoka. Wakamwuliza kama ana marafiki. Wakamwuliza kama huwa anauelewa utani. Wakamwonyesha picha za nyuso aseme nani amekasirika. Yule mtathmini alikuwa amejimwagia manukato mpaka mimi mwenyewe nilihema kwa mdomo. Kijana akasimama, akasema ana sampuli zinazosubiri, akatoka. Wakaandika kwamba amekataa kusaidiwa.

Sasa wamemhamishia meza ya katikati, jirani na mlango, ili ashirikiane na wenzake. Amevunja vyombo, jambo ambalo hajalifanya tangu aajiriwe. Jumanne alitapika kwenye sinki. Tangu juzi anafanya kazi ndani ya stoo ya kemikali, amesimama wima kati ya mapipa ya asidi, amejifungia mlango. Nikimfuata ananiambia yuko sawa.

Nimepokea onyo. Asipokubali tathmini mpaka mwisho wa mwezi, kazi basi. Karatasi ya kumwachisha itapita mezani kwako.

Mwanangu, sikukulea lakini nilikufunza kazi, kwa hiyo nitasema. Ile kona mimi nilimpa bila kumwuliza kitu. Nyinyi mmemwuliza mpaka mmemtia stoo. Nimenusa mengi hapa mtamboni, lakini siku ile, wale watu na vitabasamu vyao na kalamu zao, nilikwenda nje nikatema mate.

Mkuu wa maabara


Maabara ya maji taka
Jumatatu, 14 Aprili

Dada,

Mimi mzima. Kazi inaendelea.

Walikuja, wakauliza maswali yao, wakaondoka. Nimepata mahali pengine pa kufanyia kazi. Ni pakavu na hakuna kelele.

Usije. Hakuna shida.

Mdogo wako


Makao makuu, uani
Ijumaa, 25 Aprili

Shikamoo Mama,

Barua yako niliisoma mara moja tu, sikuweza kuirudia. Yake, ya "hakuna shida," ninayo mfukoni. Hajui kudanganya, na nimeona uchungu kwamba amelazimika kujifunza kwa ajili yangu.

Niliingia kwa Bwana Tabasamu siku ile ile. Nikamwambia kanuni ina kosa na kosa ni langu, niliiandika nikidhani kila mahali wafanyakazi wamenyimwa, sikufikiri kwamba pengine walishapewa na hakuna aliyeona haja ya kusema. Nikamwomba tuibadilishe. Akasema kanuni ni nzuri mno, kampuni imeteuliwa kuwania tuzo kwa sababu yake, na majaji wanakuja. Akanimiminia juisi. Nikamwambia kuna mtu anatapika kwenye sinki. Akasema, "Mabadiliko yana maumivu yake," kisha akauliza kama juisi haina sukari nyingi. Nilipofika ofisini nikaikuta karatasi ya kumwachisha kazi mdogo wangu, imewekewa kijibandiko cha njano mahali pa kuweka sahihi, na kijibandiko kimechorwa uso unaocheka.

Sasa nitakwambia nilichofanya, na wewe pekee ndiye utakayejua.

Nilikwenda kwa mtathmini mwenyewe, nikakaa kwenye kiti. Nikajibu kweli. Wewe umenijua muda mrefu, labda uliona na ukanyamaza kama ulivyonyamaza kwa mdogo wangu. Mama yetu alikuwa ananisimamisha mbele ya kioo kabla ya wageni kufika: mtazame mtu machoni, sasa cheka, sasa uliza habari za watoto. Mdogo wangu alimshinda mapema, akamwacha. Mimi nilifunzika. Nimekwenda na mafunzo hayo shuleni, maabara, kwenye kila kikao, na jioni nikifika nyumbani nalala sakafuni gizani mpaka ngozi itulie. Hakuna mtu niliyepata kumwambia. Ilikuwa mali yangu.

Majibu yalitoka kama nilivyojua yatatoka. Bwana Tabasamu alipoyasoma nusura acheze. "Mkurugenzi wetu mwenyewe!" Akaita mshauri wa matangazo, akaita mpiga picha, mimi nimesimama pale kama ng'ombe wa mnadani. Walitaka uso wangu kwenye kila ukuta wa kampuni na hadithi ya utoto wangu chini yake. Nikasema watavipata vyote kwa sharti moja. Kanuni ibadilishwe: mkuu wa chumba chochote apange chumba chake apendavyo, kwa ajili ya yeyote, bila kuuliza sababu na bila karatasi. Na faili la mdogo wangu lichanwe.

Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Hilo ndilo lililoniuma, Mama. Hakutoa jasho hata tone. Kanuni aliyoipigania siku chache nyuma mbele yangu aliitupa kwa picha moja, na angetupa kanuni nyingine mbili kama ningetaka. Mpiga picha akaniambia nitazame pembeni, kana kwamba nasikia kitu ambacho wengine hawakisikii. Nilitazama. Kisha nikaomba ruhusa, nikaenda nikatapika kistaarabu, nikarudi kupigwa nyingine.

Mtoe stoo leo hii. Mwambie lolote utakalo, lakini hili usimwambie. Akijua kona imenunuliwa kwa bei hiyo hataikalia tena. Unamjua, atasimama na kuondoka, na hatapata kazi nyingine atakayoiweza.

Mwanao wa zamani wa zamu ya asubuhi


Maabara ya maji taka
Ijumaa, 2 Mei

Mwanangu,

Kanuni mpya imefika, nimeisoma kwa sauti mbele ya wote, nikaikunja nikaitia mfukoni. Kijana amerudi kwenye kona. Hakuna aliyetoa hotuba. Fundi mitambo ndiye aliyeleta kreti, akaitua kwa kishindo na kusema toroli lake litakoma.

Nimemwambia kuna mtu huko juu amepata akili. Akasema ni vizuri. Siri yako iko kwangu.

Uliyoniambia nilikuwa nayajua tangu wiki yako ya kwanza hapa, ulipokuwa unakwenda kula peke yako nyuma ya tangi. Sikuona kama yananihusu.

Jambo moja. Mabango yamefika. Walioyaleta wamelibandika moja chumba cha chai, kubwa kuliko mlango, wakaondoka na picha ya kuthibitisha. Kijana hajaingia humo bado, lakini sukari yake itakwisha tu.

Mama Chupa, na usidhani nimelipenda hilo jina


Maabara ya maji taka
Jumanne, 6 Mei

Dada,

Kanuni imebadilishwa. Nimerudi mahali pangu. Sikukwambia kwamba niliondolewa, sasa nakwambia. Ilikuwa mbaya sana. Imekwisha. Mama Chupa anasema kuna mtu huko juu amepata akili. Kama unamjua, mpe asante.

La pili ni hili. Nimeona picha yako.

Iko chumba cha chai. Watu wanakula chini ya uso wako. Fundi mitambo ameniuliza kama na wewe ulikuwa hivyo muda wote au ni cheo kimekupa. Mwingine amesema kumbe ni ya ukoo. Pameandikwa kwamba ulikuwa unajificha chini ya meza wageni wakija, na kwamba leo wewe ni kiongozi. Umesema "nilijificha." Tulikuwa wawili.

Nimesoma mpaka mwisho, nikaona kinyaa. Sijui neno lingine. Sikuona kinyaa stoo, kule niliogopa tu. Hapa nimeona kinyaa.

Mimi sikuweza kuficha. Wewe uliweza. Nilikuwa nikikutazama ukicheka na wageni nikajiambia angalau yuko mmoja wetu ambaye hawatampata. Hilo lilikuwa linanisaidia. Sikukwambia kwa sababu sikudhani linahitaji kusemwa. Sasa wamekupata, na mlango umewafungulia mwenyewe, ukawakaribisha na kamera.

Uliniambia kwenye barua kwamba hutanitaja. Hukunitaja. Lakini umekitoa kile chetu, ukawapa wale wale waliokutia kichefuchefu. Sielewi. Mtu hatoi kitu kama hicho bure. Walikupa nini?

Sitaki uje. Sitaki barua mpaka niombe.

Mdogo wako


Makao makuu
Ijumaa, 9 Mei

Mdogo wangu,

Hii ni kujibu tu, kisha nitanyamaza kama ulivyotaka.

Una haki ya kuona kinyaa. Bango ni chafu. Lipo hapa pia, ndani ya lifti, na kila asubuhi napanda nalo macho kwa macho. Watu sasa wanaingia ofisini kwangu wananong'ona, wananiuliza kama mwanga umezidi, halafu wanatoka bila kuupunguza. Jana mgeni mmoja aliniuliza tarehe aliyozaliwa ni siku gani ya wiki. Nikamwambia akaangalie kalenda. Tuzo tumeipata. Bwana Tabasamu alilia jukwaani, na mimi nilikuwa kando yake nimeshika maua.

Mtu uliyetaka apewe asante, nitamfikishia.

Chini ya meza tulikuwa wawili, sijasahau. Kwenye bango anatosha mmoja.

Umeuliza walinipa nini. Walinipa nilichowaomba. Kaa hapo ulipo, ufanye kazi yako, na hilo usiniulize tena.

Dada